Kibali cha Kutania

Ilikuwepo nchi moja, na kwa mujibu wa redio yake ipo mpaka leo. Jina lake sitalitaja, si kwa hofu, la hasha, bali kwa sababu wananchi wake wenyewe hulitaja siku za sikukuu tu, wakiwa wamesimama wima na mikono wameibana kwenye mapaja. Ni nchi njema. Ina milima miwili, mto mmoja unaojaa masika, na wizara thelathini na sita. Mojawapo ni Wizara ya Elimu, Utulivu na Takwimu, ambayo ndiyo iliyotuletea mambo haya ninayoyasimulia.

Mwaka huo Wizara ilitangaza kuwa ni Mwaka wa Amani Mahali pa Kazi. Mwaka uliotangulia walimu wakuu wote nchini walikuwa wameripoti migogoro sifuri katika shule zao, maskini, wakidhani watasifiwa. Waziri alikasirika. Alisema, tena kwa haki kabisa, kwamba sifuri haiwezi kushuka, na mchoro usioshuka hauonyeshi juhudi za mtu yeyote. Ikaagizwa basi kila shule iwe na angalau mgogoro mmoja uliosajiliwa ifikapo mwezi wa tatu, na mgogoro huo uwe umesuluhishwa ifikapo mwezi wa kumi. Shule itakayoshindwa kupata wa kwake ingepelekewa mmoja kutoka makao makuu.

Agizo hilo lilimfikia Bi. Sikudhani Mbaruku, Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi Vumbisaba, siku ya Jumatatu wakati wa mapumziko. Alilisoma mara mbili, akalikunja, akaliweka chini ya boksi la chaki. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye sauti ya chini na miguu inayovimba mchana, na hakupenda kugombana hata na kuku walioingia ofisini kwake. Alijisemea kwamba labda mwezi wa tatu utachelewa.

Shule yake ilikuwa na wanafunzi mia sita na arobaini na walimu saba. Kati ya hao saba, mmoja alikuwa likizo ya uzazi, mmoja alikuwa likizo ambayo hakuna aliyejua ni ya nini, wawili walikuwa wakisubiri kustaafu huku wakitazama saa, na wa tano alikuwa mpwa wa diwani. Waliobaki, Mwalimu Ngwashi wa Hisabati na Mwalimu Kalimanje wa Sayansi, ndio walioibeba shule mabegani. Bi. Sikudhani alijua, kama anavyojua mtu idadi ya meno yake, kwamba siku atakayompoteza mmoja wa hao wawili, darasa la saba limekwisha.

*

Hapa lazima nieleze jinsi Bi. Sikudhani alivyowaongoza walimu wake, maana hakuwa amesomea uongozi popote. Alikuwa na cheti cha ualimu na macho mawili.

Kalimanje alipoletwa Vumbisaba, miaka mitatu nyuma, alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne aliyewaogopa watoto. Alifundisha akiutazama ubao. Dakika arobaini zote alikuwa akiuambia ubao habari za maini na figo, na watoto wakawa wanakijua kisogo chake kuliko sura. Bi. Sikudhani alijua kwamba akimwita ofisini na kumweleza, kijana ataitikia ndiyo Mkuu, sawa Mkuu, kisha kesho ataurudia ubao wake kwa hofu zaidi. Kwa hiyo hakumwita. Aliuliza tu kwao ni wapi, akaambiwa ni Mngome.

Ngwashi alikuwa Msindo. Katika nchi ile Wasindo na Wangome ni watani tangu enzi za mababu. Walipigana vita vya chumvi miaka saba, wakachoka, wakaoana, wakaapa kwamba kuanzia siku hiyo watatukanana tu, kila upande ukiuita mwingine watumwa walionunuliwa kwa chumvi. Mtani humwambia mtani wake neno lolote litakalomjia mdomoni, na aliyeambiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika huo ni upungufu wa ukoo wake mzima, na kina mama watamsimulia kwenye harusi.

Bi. Sikudhani hakuwa Msindo wala Mngome. Alimwita Ngwashi pembeni, akamnong'oneza kwamba kuna mtumwa wake darasa la sita anaufundisha ubao. Maneno hayo tu. Kesho yake Ngwashi, mtu mzima wa miaka hamsini, aliingia darasa la sita akajibana kwenye dawati la nyuma, magoti yakiwa karibu na kidevu. Kipindi kilipofika katikati alisimama akatangaza kwamba babu yake alinunua mtumwa mwenye sura, yeye anaonyeshwa kisogo, basi ama sura itolewe au chumvi irudishwe. Watoto walicheka mpaka wakamwaga wino. Kalimanje naye alicheka, na kwa kuwa mtu hawezi kuucheka ubao, aligeuka. Tangu siku hiyo alifundisha akiwatazama watoto, na kila wiki Ngwashi alikwenda kukagua mali yake, akikosoa hiki na kile kwa matusi ya kupendeza, mpaka Kalimanje akawa mwalimu ambaye watoto humfuata hadi njiani wakimuuliza kwa nini damu ni nyekundu.

Kalimanje naye alilipa. Ngwashi alikuwa fundi wa hesabu lakini alikuwa na ugonjwa wa asubuhi, akifika kazini kipindi cha tatu, siku nyingine cha nne. Bi. Sikudhani hakumwandikia barua ya onyo. Alimwambia Kalimanje kwamba mtumwa wake amelala, maana kila mmoja kwa mwenzake ni mtumwa, huo ndio uzuri wa mpango wenyewe. Alfajiri Kalimanje alibeba kengele ya shule, akaenda kusimama dirishani kwa Ngwashi, akaipiga mpaka mtaa mzima ukaamka. Alirudia siku nne. Siku ya tano Ngwashi alifika shuleni kabla ya mlinzi.

Hivyo ndivyo Vumbisaba ilivyoshika nafasi ya tatu wilayani, nyuma ya shule mbili zenye umeme. Bi. Sikudhani alipoulizwa siri ya mafanikio alisema ni ushirikiano, kwa sababu hakujua jina jingine.

*

Mwezi wa pili alikuja Ndugu Lugome, Mkaguzi Mwandamizi wa Amani Mahali pa Kazi, Daraja la Pili. Alikuwa mtu mpole na msafi, mzaliwa wa nyumba za Serikali katika mji mkuu, ambako majirani husalimiana kwa honi. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Naomba jambo hilo likumbukwe, maana katika hadithi hii yote hakuna mtu aliyekuwa na nia mbaya.

Aliomba kuonyeshwa mgogoro. Bi. Sikudhani alijibu kwa unyenyekevu kwamba bado wanatafuta. Ndugu Lugome alimpa pole, akasema shule nyingi za vijijini zina uhaba, na kwamba Serikali inalitambua hilo. Aliaga, akatoka, na kwenye njia ya kwenda kwenye gari lake akapita chini ya dirisha la ofisi ya walimu. Huko ndani Ngwashi alikuwa akimuuliza mtu kwa sauti nani kamruhusu mtumwa kukalia kiti, wakati babu yake alipatikana kwa kibaba kimoja cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa imelowa. Sauti ya kijana ikamjibu kwamba babu mwenye chumvi hiyo alikula mbwa wa watu wa kuwindia, akamalizia na kengele ya shingoni, ndiyo maana ukoo wao wote wakikohoa husikika njuga.

Ndugu Lugome alisimama pale jua likimpiga utosini, akaandika kurasa mbili. Aliporudi ofisini kwa Bi. Sikudhani uso wake ulikuwa umechangamka.

"Hongera sana, Mkuu," alisema. "Kumbe unao."

"Ninao nini, mheshimiwa?"

"Mgogoro. Tena wa kiwango cha juu. Ndani yake kuna biashara ya binadamu, kuna mbwa aliyeliwa, na kuna ukabila. Wilaya nzima haina kama huu."

Bi. Sikudhani alicheka kwanza, akidhani mgeni naye anatania. Alipoona hacheki, akaanza kueleza habari za Wasindo, Wangome, vita na chumvi. Ndugu Lugome alisikiliza kwa makini, kisha akauliza utani huo ulianzishwa kwa waraka namba ngapi. Bi. Sikudhani alisema haukuanzishwa kwa waraka. Mkaguzi akatoa Fomu ya Migogoro, akamwonyesha visanduku vyake kwa ncha ya kalamu: Matusi, Vitisho, Ukabila, Mengineyo. Alikiri kwamba kwa haki utani ungeingia kwenye Mengineyo. Bahati mbaya Mengineyo ilifungwa na Waziri mwaka jana, baada ya kugundulika kuwa watu wanaweka mambo mengi humo. Akatia alama ya vema kwenye vile vitatu.

Kabla ya kuondoka alimweleza Mkakati wa Hatua Tisa. Mgogoro ukishasajiliwa haufutwi, husuluhishwa tu, hatua kwa hatua. Ukishindikana, mhusika mmoja huhamishiwa Shule ya Ng'ambo ya Mto, ambayo bado haijajengwa ila ina walimu kumi na wawili wanaoripoti kila asubuhi mahali itakapokuwa. Bi. Sikudhani alimshukuru. Gari lilipoondoka alilitoa lile agizo chini ya boksi la chaki, akalisoma mara ya tatu.

*

Hatua ya kwanza iliitwa Kukiri. Ngwashi na Kalimanje walipoambiwa wakiri kuwa wamegombana walicheka mpaka wakashikana mabega. Ngwashi alisema yuko tayari kukiri kula mbwa, lakini si kugombana na mali yake mwenyewe. Bi. Sikudhani aliandika wilayani kwamba wahusika wanacheka. Jibu lilikuja upesi isivyo kawaida: kucheka ni dalili ya mgogoro sugu, na mhusika mwenye umri mkubwa ajiandae kuhamia Ng'ambo ya Mto ndani ya siku kumi na nne.

Usiku hakulala. Kichwani alimwona Ngwashi amesimama kwenye kichaka na chaki mfukoni, na darasa la saba, watoto tisini na moja, wakiandika hesabu za kujitungia. Alhamisi baada ya masomo aliwaita wote wawili, akawafungia mlango. Hakuwaficha kitu.

"Tieni sahihi, wanangu, yaishe," aliwaambia. "Ni karatasi tu."

Walimpenda Mkuu wao, na hawakuwahi kumnyima jambo. Walichukua kalamu. Fomu ilikuwa na sehemu inayosema Eleza Maumivu Yako, mistari kumi, na chini yake maandishi madogo yakionya kuwa mstari mtupu haupokelewi na kurudia hakuruhusiwi. Waliketi kwenye madawati mawili wakiandika na kuchunguliana kama watoto wa mtihani, wakicheka. Mistari mitano ya kwanza ilijaa chumvi, mbwa na njuga. Kwenye mstari wa sita vicheko vilipungua. Matusi yote ya mababu yalikuwa yamekwisha, na karatasi bado ilikuwa inataka. Kalimanje alitazama dari kwa muda, kisha akainama akaandika haraka. Ngwashi naye aliandika polepole, akiwa amekinga kwa mkono. Walipomaliza hawakuonyeshana, wakamkabidhi Mkuu, naye, kwa heshima, hakusoma.

Hilo ndilo kosa ambalo Bi. Sikudhani hakulisamehe maisha yake yote. Angesoma, angezichoma.

*

Hatua ya pili iliitwa Uwazi. Ndugu Lugome alikuja na mhuri, akawakusanya walimu wote, hata yule wa likizo isiyojulikana, akasimama mbele yao na kuzisoma fomu kwa sauti. Alikuwa na sauti ya mtu asomaye taarifa ya habari. Alisoma habari ya chumvi iliyolowa na hakuna aliyecheka. Alisoma habari ya mbwa, ikasikika kama mbwa aliliwa kweli. Kisha akafika mstari wa saba wa Kalimanje, akausoma kama alivyosoma mingine.

"Siku aliyonicheka mbele ya darasa la sita kuhusu kisogo changu, nilicheka na mimi. Nilipofika nyumbani nilifunga mlango nikalia. Nilitaka kuacha kazi."

Ngwashi aliinua kichwa. Mkaguzi akageuza ukurasa, akachukua fomu ya pili, mstari wa nane.

"Asubuhi aliyonipigia kengele dirishani, mke wangu alikuwa ameniacha siku tatu nyuma. Sikuwa nimelala. Niliposikia mtu nje, nilidhani ni yeye amerudi."

Nje watoto walikuwa wakiimba jedwali la saba bila mwalimu, wakikosea saba mara nane. Bi. Sikudhani alitazama sakafu kwa aibu, maana yeye ndiye aliyemtuma mmoja darasani na mwingine dirishani, na muda wote huo alijiona mjanja.

Wangeachiwa wenyewe, pengine wangeokoka. Kalimanje angesema neno baya zaidi juu ya mke huyo, Ngwashi angemjibu kwa lililo baya kuliko hilo, wangecheka na kufuta macho kwa mgongo wa mkono. Watani hawana njia nyingine ya kuombana radhi. Lakini Mkakati ulikuwa na njia yake. Ndugu Lugome aliwasimamisha, akawapa kila mmoja kikaratasi, nao wakasoma kwa zamu: naomba radhi, Ndugu Mwalimu mwenzangu, kwa kitendo nambari saba, naomba radhi, Ndugu Mwalimu mwenzangu, kwa kitendo nambari nane. Wakapeana mikono. Mkaguzi akagonga mhuri, akasema kwa dhati kabisa kwamba katika miaka yake ya kazi hajaona suluhu iliyotulia namna ile.

*

Hatua zilizofuata zilikwenda vizuri sana, na taarifa zake zote zipo. Kulikuwa na semina ya siku tatu kuhusu heshima, ambapo walimu walifundishwa kusalimiana. Kulikuwa na kiapo. Kulikuwa na mtaalamu aliyekuja kupima nafasi kati ya kiti na kiti katika ofisi ya walimu, akashauri iwe mita mbili na nusu, na kwa kuwa ofisi yenyewe ilikuwa na upana wa mita tatu, kiti cha Kalimanje kikahamishiwa stoo, katikati ya majembe na mipira iliyopasuka.

Halafu ukaja Waraka wa Kuratibu Utani. Serikali, ulisema, haipingi mila. Serikali ndiyo mama wa mila. Kwa hiyo utani uliruhusiwa kwa wenye kibali, siku ya Ijumaa, saa nne hadi saa nne na robo, mbele ya msimamizi. Bi. Sikudhani aliposoma waraka huo moyo wake ulichangamka kwa mara ya kwanza tangu Uwazi. Alijaza maombi siku ile ile, akaambatisha picha mbili za kila mtani, akasubiri wiki sita. Kibali kilipotoka alikibeba kifuani mpaka shuleni.

Ijumaa msimamizi alifika na saa ya mkononi na daftari. Ngwashi na Kalimanje waliwekwa katikati ya ofisi, wakaambiwa waanze. Hakuna aliyesema kitu kwa dakika nne. Msimamizi aliandika kwamba dakika nne zimetumika.

"Mtumwa wangu," Ngwashi alisema hatimaye, akakohoa. "Mtumwa wangu wewe."

"Naam, Ndugu Mwalimu mwenzangu," alijibu Kalimanje.

Walisimama hivyo mpaka robo saa ilipokwisha, kila mmoja akitazama viatu vyake. Msimamizi alijaza kwamba utani umefanyika kwa utulivu na hakuna aliyejeruhiwa.

*

Ngwashi aliacha kwenda kwenye darasa la Kalimanje. Kalimanje hakuhitaji kuambiwa; mwezi wa nane kisogo kilirudi. Watoto waliacha kumfuata njiani. Hakuna aliyeipeleka kengele dirishani kwa mtu, na Ngwashi alirudia kipindi chake cha tatu, kisha cha nne, kisha kuna siku hakuonekana kabisa. Darasa la saba walifanya mtihani wa majaribio, wakashika nafasi ya arobaini na sita kati ya shule arobaini na saba. Ya mwisho ilikuwa Ng'ambo ya Mto, ambayo haina wanafunzi.

Bi. Sikudhani alimfuata Ngwashi nyumbani. Alimkuta ameketi kizingitini, shati wazi, hana dalili ya ulevi wala ya ugonjwa. Alimsihi aende mara moja tu, akakae dawati la nyuma, amtukane kijana, hata tusi dogo.

"Mkuu, sisi tulikuwa hatujuani," alisema Ngwashi. "Ndiyo maana tuliweza. Sasa nikifungua mdomo namwona amejifungia ndani analia. Nikimtania saa hizi nitakuwa namtukana kweli."

Alimfuata na Kalimanje kule stoo, akamwomba vilevile. Kijana alisimama kwa adabu, akasema Mwalimu Ngwashi ni mtu mwema na anamheshimu sana. Alisema neno heshima mara tatu. Bi. Sikudhani alirudi ofisini, akajaribu kuwa yeye mwenyewe wa kukosoa. Alikaa dawati la nyuma darasa la sita, akamwita Kalimanje ofisini, akamweleza kwa upole kuhusu ubao. Kijana aliitikia ndiyo Mkuu, sawa Mkuu.

Mwezi wa kumi aliitwa wilayani kupokea cheti cha Mwalimu Mkuu Bora katika Usuluhishi. Mchoro wa Wizara ulikuwa umeshuka kama Waziri alivyotaka, kutoka mgogoro mmoja kwa kila shule hadi sifuri, na Vumbisaba ndiyo ilikuwa shule ya mfano. Ndugu Lugome, sasa Daraja la Kwanza, alisoma hotuba.

"Leo hii," alisema, "Vumbisaba imetimiza siku mia moja na themanini bila mwalimu kumcheka mwenzake pasipo kibali. Miaka iliyopita mngeingia katika ofisi ya shule ile mkasikia kelele kama za sokoni. Nendeni leo. Mtasikia saa ya ukutani. Ndugu zangu, haya ndiyo maendeleo."

Walimu wakuu wenzake walipiga makofi, kisha wakamzunguka wakitaka kujua alifanyaje. Aliwaambia ni ushirikiano. Cheti alikiweka chini ya boksi la chaki.

*

Wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja mama yake Ngwashi alifariki. Alikuwa kikongwe wa miaka tisini na kitu, na walimzika nyuma ya nyumba yao, mwendo wa nusu saa kutoka shuleni. Shule nzima ilikwenda.

Sasa Wasindo wana jambo lao. Kwao maiti hashushwi mpaka Mngome aingie kaburini kwanza. Huingia bila kukaribishwa, hulala chali na kusema shimo hili ni zuri kuliko nyumba yake, halitoi kwa mtu, na huyo bibi arudishwe akapike. Hapo wafiwa humbembeleza, humpa kuku, humvuta miguu, naye hung'ang'ania. Watu wote hucheka, na wenye msiba hucheka kuliko wote, na wakishacheka ndipo huweza kulia vizuri. Msindo aliyezikwa bila hayo husemwa kwamba amefukiwa. Na katika Vumbisaba nzima Mngome alikuwa mmoja.

Kalimanje alikuja. Alikuwa amevaa koti jeusi na viatu vilivyopigwa rangi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Ngwashi, akafungua karatasi, akasoma kwamba amepokea kwa masikitiko makubwa taarifa ya msiba huo, na kwamba anaungana na familia katika kipindi hiki kigumu. Yalikuwa maneno ya kitabu cha Mkakati, kiambatisho cha mwisho, neno kwa neno. Akatoa mkono.

"Ahsante, Ndugu Mwalimu mwenzangu," alisema Ngwashi, akaupokea.

Kalimanje alirudi nyuma, akasimama kando ya Bi. Sikudhani. Kaka wa marehemu, mzee mfupi aliyeshika fimbo, alisogea ukingoni mwa kaburi, akauliza kama desturi inavyotaka: "Mngome yuko wapi?" Watu walitazamana. Bi. Sikudhani alimwona Ngwashi akitazama lile shimo, kisha akimtazama kijana, kisha shimo tena, na macho yake yalikuwa yanaomba. Alimshika Kalimanje kiwiko.

"Ingia, mwanangu," alimnong'oneza. "Anakungoja. Ingia tu."

Mzee aliuliza mara ya pili. Kalimanje alipiga hatua moja, udongo ukadondoka ndani. Akasimama.

"Ningeingia, Mkuu," alisema. "Lakini asipocheka, nitatokaje mle ndani?"

Bi. Sikudhani alikuwa na miaka ishirini na tisa kazini, alikuwa na cheti cha usuluhishi. Aliachia kile kiwiko. Upande wa pili Ngwashi alikuwa ameshainamisha kichwa.

Mzee aliuliza mara ya tatu, na mara ya tatu lazima mtu ajibu. Wote waligeuka wakamtazama Bi. Sikudhani, kwa kuwa yeye ndiye kiongozi aliyekuwepo. Akasema hayupo. Vijana wakamshusha bibi kwa kamba, wakachukua makoleo, wakaanza kufukia.